Mchongoko Umefika, Behewa la Zamani Je?

Tarehe 1 Novemba 2024 treni ya umeme inayojulikana kwa jina la Mchongoko ilianza kubeba abiria katika reli mpya ya kati. Jina hilo limenipendeza tangu nilipolisikia. Tungeweza, kama ilivyo desturi yetu, kulibeba jina la kigeni na kulibandika irabu mwishoni. Badala yake lugha ilitazama pua ya treni, ikaona imechongoka, ikamaliza kazi. Mtoto wa Ukonga anayekimbilia kilimani ili aione ikipita hahitaji kufafanuliwa maana yake.

Kuchongoka kwa treni, hata hivyo, si jambo jipya duniani. Katika miaka ya 1930, uchumi ulipokuwa umeporomoka na mabasi na magari madogo yakiwanyang'anya abiria, watu wa reli katika nchi za viwanda waliamua kuyabadili maumbo ya treni zao. Mwaka 1933 Wajerumani walizindua treni ya dizeli kati ya Berlin na Hamburg, wakaiita Fliegender Hamburger. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Mei 1934, treni ya Kimarekani iliyoundwa kwa bati la chuma cha pua, Pioneer Zephyr, iliondoka Denver alfajiri na kufika Chicago siku ileile baada ya saa 13 na dakika 5, safari ya zaidi ya kilomita 1,600. Mwaka 1938 kichwa cha mvuke cha Kiingereza kiitwacho Mallard, nacho kikiwa kimevikwa ngozi laini ya bati, kilifikia kilomita 203 kwa saa. Umbo lile lilikata upepo, ni kweli, lakini lilikuwa pia tangazo. Liliwaambia watu waliokata tamaa kwamba reli haijafa.

Treni hizo nazo zikazeeka. Zephyr ilistaafishwa mwaka 1960, na hadi leo imekaa katika jumba la makumbusho la Chicago, inang'aa na haiendi popote. Waitalia wao walichagua njia nyingine. Treni yao iitwayo Arlecchino, iliyoundwa wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Roma ya 1960, ilikuwa imeachwa ikioza. Mafundi wakaichukua, wakaifungua kipande kwa kipande, wakairudisha relini ikiwa na rangi zake za awali, na sasa inabeba watu tena.

Nilipoyaeleza hayo darasani, mwanafunzi mmoja, kijana mwerevu anayekaa Yombo, aliniuliza kwa heshima zote kwa nini nchi yenye akili timamu itumie fedha kufufua treni ya babu wakati ya mjukuu imekwishafika. Nilimjibu kwa haraka, na jibu lenyewe halikuniridhisha. Makala haya ni jaribio la kumjibu vizuri zaidi.

Nianze na jambo ambalo yeye, kwa umri wake, alilikuta limekwisha. Sisi wa Dar es Salaam tulikwisha kufufua treni. Tulifanya hivyo mwaka 2012, na hatukuita kazi ile uhifadhi wa historia kwa sababu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufikiria historia. Foleni ilikuwa imetushika kooni. Mtu wa Kimara aliamka saa kumi alfajiri ili afike Kariakoo saa mbili. Mtu wa Gongo la Mboto alikaa ndani ya daladala muda ambao angeutumia kwenda Morogoro. Njia ya mabasi yaendayo haraka ilikuwa bado inachimbwa. Ndipo Wizara ya Uchukuzi, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, ilipoamua kutumia kile kilichokuwapo, yaani reli za zamani, vichwa vya zamani na mabehewa ya zamani. Tarehe 29 Oktoba 2012 treni za abiria za jijini zilianza kutembea.

Zilikuwa mbili, na mgawanyo wake unaeleza mengi kuhusu jiji hili. Ya kwanza, ya Kampuni ya Reli Tanzania, ilitoka Stesheni katikati ya jiji, ikapita Kamata, Buguruni na Tabata, ikaishia Ubungo Maziwa, ambako wakati huo kulikuwa bado ni Manispaa ya Kinondoni. Ya pili, ya TAZARA, ilikata upande wa Temeke, ikipita Yombo na Kigilagila hadi Mwakanga. Kipande cha kwenda Ubungo hakikuwa njia ya abiria hata kidogo. Kilikuwa mchepuko wa mizigo wa eneo la viwanda, na kwa miaka mingi watu wa Tabata walianika nguo kando yake na kuuza mahindi ya kuchoma juu ya mataruma. Watu wa Mabibo na Tabata walishangaa kuona reli waliyoijua kama njia ya mbuzi ikirudi kuwa reli.

Kwa nini treni mbili, na isiwe moja inayozunguka Kinondoni na Temeke kwa pamoja? Jibu linaanzia mbali sana na Wizara ya Uchukuzi. Reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa na Wachina kwa vipimo vya reli za kusini mwa Afrika ili iungane na Zambia, ina upana wa milimita 1,067. Tofauti ya milimita 67 haizidi upana wa kiganja, lakini inatosha kumzuia mgonjwa wa Temeke asipelekwe Kinondoni kwa behewa lilelile. Ukiongeza reli mpya ya Mchongoko yenye milimita 1,435, jiji moja lina reli tatu zisizosikilizana. Ujerumani ya kifalme, China ya Mwenyekiti Mao, na Tanzania ya leo: kila mmoja ameandika enzi yake ardhini kwa chuma, na kila mmoja kwa mwandiko wake. Kwa hiyo mwaka 2012 ilibidi karakana za mashirika mawili zifanye kazi mbili tofauti, kila moja na magurudumu yake.

Nilipanda treni ile ya Ubungo mara nyingi katika miezi yake ya mwanzo. Nauli ilikuwa shilingi 400. Mabehewa yalikuwa ya daraja la tatu, yaliyoundwa kwa safari ya siku mbili kwenda Kigoma, ambamo abiria hupanda mara moja na kushuka mara moja, na kati yake ana muda wa kula, kulala na kugombana na jirani. Milango ilikuwa miembamba, miwili tu kwa behewa, kila mmoja mwishoni. Sasa behewa hilohilo likatakiwa kumeza na kutapika mamia ya watu kila baada ya dakika chache. Ngazi zilikuwa juu mno. Vituo vingi havikuwa na jukwaa. Nilimwona mama akimkabidhi mtu asiyemjua beseni lake la samaki, kisha akamkabidhi mtoto, kisha yeye mwenyewe akavutwa mkono mpaka ndani, na beseni likamrudia likipitishwa juu ya vichwa vya watu pasipo samaki hata mmoja kupotea. Sijaona tena adabu ya namna ile katika usafiri wa jiji hili.

Watu waliiita treni ya Mwakyembe. Sina ugomvi na waziri. Alithubutu, na wengi kabla yake hawakuthubutu. Lakini jina hilo lilinifanya niwaze. Waziri hakukereza magurudumu. Hakusuka upya mota, hakubadili pedi za breki, hakulala chini ya behewa usiku akiwa na tochi mdomoni. Waliofanya hayo walikuwa mafundi wa Morogoro na wa Dar es Salaam, na hakuna hata mmoja wao ambaye jina lake linatajwa tunapoisimulia treni ile. Bahati mbaya hii si ya 2012 peke yake.

Ujenzi wa reli ya kati ulianza hapa Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka uleule ambao vita vya Maji Maji vililipuka kusini. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914, miezi michache kabla ya vita kuu. Vitabu vimetuhifadhia jina la kampuni iliyojenga, Philipp Holzmann, na majina ya magavana waliokata utepe. Maelfu ya watu waliochimba tuta kupanda vilima vya Pugu kwa majembe hawakuandikwa popote isipokuwa kama hesabu ya vichwa na posho. Kuna wasomi wenzangu wanaosema kwamba kwa sababu hiyo reli ya zamani haistahili machozi yetu, kwamba ni mfereji wa kunyonyea tu. Hoja yao ina ukweli wa nusu. Mfereji ulikuwa mfereji. Lakini waliouchimba walikuwa babu zetu, na wanaotaka kuusahau kwa sababu ya aliyeamuru uchimbwe wanamfuta mchimbaji pamoja na mwamrishaji.

Mwaka 1948 reli za Tanganyika ziliunganishwa na za Kenya na Uganda kuwa shirika moja la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, na makao makuu yakawa Nairobi. Karakana kubwa nazo zilikuwa huko. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka kufungwa, Tanzania ilijikuta na maelfu ya kilomita za reli bila mahali pa kuvitibia vichwa vizito. Mabishano ya kugawana mali za Jumuiya yalichukua miaka. Mkataba haukutiwa saini mpaka Mei 1984. Hapo katikati ilibidi tujifunze kujitibu wenyewe, na karakana ya Morogoro ikawa hospitali ya vichwa vya dizeli. Ujuzi ulioikoa Dar es Salaam mwaka 2012 uliota katika dhiki ile.

Mgawanyo ule una kichekesho chake, na kila ninapokwenda Nairobi hunifanya nicheke peke yangu. Jumba la Makumbusho ya Reli la Nairobi lilifunguliwa mwaka 1971, wakati Jumuiya ingali hai. Humo kuna kichwa cha mvuke namba 5918, mojawapo ya vichwa 34 vya aina ya Garratt vilivyoundwa Manchester katikati ya miaka ya 1950, vikiwa vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko vyote vilivyopata kutembea katika reli ya upana wa mita moja. Kila kimoja kilipewa jina la mlima. Hicho 5918 kinaitwa Mount Gelai. Gelai uko wapi? Uko kwetu, kando ya Ziwa Natron. Jirani yake, namba 5930, ni Mount Shengena, mlima wa Upare. Kipo pia kichwa namba 3020 kiitwacho Nyaturu, cha kundi lililoundwa kwa ajili ya reli za Tanganyika na kufungwa tangi kubwa la maji kwa sababu ya ukame wa nyanda za kati. Mnyaturu wa Singida anayetaka kuliona jina la watu wake juu ya chuma sharti avuke mpaka wa Namanga.

Siwalaumu Wakenya. Nawasifu. Mount Gelai na Nyaturu ni miongoni mwa vichwa walivyovirudisha katika hali ya kutembea, vikawashwa moto, vikavuta abiria tena. Watu wa nje hudhani kufufua kichwa cha mvuke ni kupaka rangi na kumwaga mafuta. Kazi kubwa iko ndani ya boila. Mabomba ya moto huliwa na kutu na chumvi ya maji, nayo hutolewa yote na kupachikwa mapya. Misumari inayoshikilia kuta za tanuri hugongwa mmoja mmoja ili kusikiliza uliovunjika. Kisha boila hujazwa maji baridi na kushindiliwa kwa shinikizo kupita lile la kazi, kwa kuwa maji yakivuja yatamlowesha fundi, ilhali mvuke ukivuja utamuua. Uganda nao wamefungua makumbusho ya reli Jinja mwaka 2022. Mimi sijapata nafasi ya kumpeleka mwanafunzi wangu mahali popote Dar es Salaam akaone kichwa cha mvuke kikipumua.

Msomaji anaweza kuniambia kwamba Watanzania hatuna tabia ya kutunza mitambo ya zamani. Sikubali. Ushahidi wangu unaelea Ziwa Tanganyika. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa, ikafungashwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli hiihii mpya mpaka mwambao wa ziwa, ambako iliunganishwa upya. Julai 1916 Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma waliizamisha wenyewe. Lakini mafundi waliopewa amri ya kuizamisha walipaka mitambo yake grisi nzito kwanza. Nafikiri sana juu ya grisi ile. Mtu anaamriwa kuiangamiza kazi ya mikono yake, anatii, na katika kutii kwake anaificha akiba kwa ajili ya fundi asiyemjua, wa taifa asilolijua, atakayekuja siku asiyoijua. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakakuta mitambo ingali mizima, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mvuke wake ulibadilishwa kuwa dizeli miaka ya 1970. Mwaka 2015, meli ileile ya Kaisari ndiyo iliyokwenda Kagunga kuwachukua wakimbizi wa Burundi na kuwapeleka Kigoma.

Reli ya kaskazini ni ushahidi mwingine. Treni ya abiria ilikuwa imekoma kwenda Moshi na Arusha tangu miaka ya 1990. Njia ikamezwa na migomba na vichaka, nyumba zikajengwa hadi karibu na chuma, na vijana wa Arusha wakakua wakidhani Stesheni ni jina la mtaa tu. Desemba 2019 treni ilirudi Moshi, na Agosti 2020 ikafika Arusha. Mabehewa yalikuwa yaleyale ya zamani, yaliyokarabatiwa. Umati uliofurika kuyapokea haukuja kuangalia kitu kipya. Wazee walikuja kupokea kitu walichokizika.

Kwa hiyo uwezo upo, na mapenzi yapo. Kinachokosekana ni nia ya kuweka kumbukumbu. Tumefufua treni kila dhiki ilipotubana, na kila dhiki ilipopungua tumesahau jinsi tulivyofanya. Miaka michache iliyopita nilimsimamia mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyetaka kuandika juu ya treni ya jijini ya 2012. Tulikwenda katika ofisi moja kuomba kuona majalada ya ukarabati: michoro, orodha ya vipuri, daftari za zamu za mafundi. Tulipokewa vizuri, tukakalishwa, tukapewa chai. Jalada halikuwapo. Aliyekuwa akilitunza alistaafu, kabati lilihamishwa, labda lilichukuliwa na panya. Tulichopewa ni picha za siku ya uzinduzi, na katika picha zote wanaonekana viongozi, kofia, na mgongo wa behewa. Mwanafunzi yule alibadili mada, akaandika juu ya kilimo cha umwagiliaji.

Wasiwasi wangu juu ya Mchongoko unatoka hapo. Watu husema kipya kinyemi ingawa kidonda, na hiki kipya chetu si kidonda hata kidogo. Nimesafiri nacho mpaka Dodoma, nikafika nikiwa na nguvu ya kufundisha mchana uleule. Nilizaliwa katika nchi ambamo safari ile ilikuwa ya usiku kucha, na simwonei wivu mjukuu wa mtu. Lakini Mchongoko unapopita Pugu, pale jiwe la msingi la reli mpya lilipowekwa Aprili 2017, unapita kando ya reli ya zamani, na reli hiyo ingalipo. Kipande chake cha Dar es Salaam hadi Isaka, takriban kilomita 970, kiliimarishwa katika miaka ya karibuni kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kibebe mizigo. Njia ipo, imara. Vinavyotoweka ni vyombo vilivyopita juu yake na watu waliojua kuvitengeneza.

Chuma chakavu kina bei ya kilo. Behewa la abiria lenye fremu ya chuma na magurudumu manane ni tani nyingi za fedha ya haraka, na sihitaji kumwambia msomaji wa Dar es Salaam jinsi gesi ya kukatia chuma inavyofanya kazi upesi. Behewa likishakatwa, halirudishwi na kamati.

Pendekezo langu ni dogo. Lichaguliwe treni moja: kichwa kimoja cha dizeli cha enzi ya Jumuiya au ya miaka ya mwanzo baada yake, na mabehewa matano, moja la kila daraja, likiwamo lile la mgahawa. Likarabatiwe Morogoro mpaka litembee. Litembee kati ya Stesheni na Pugu mara moja au mbili kwa wiki, na mara chache kwa mwaka liende Morogoro likiwa limebeba wanafunzi wa shule. TAZARA nao, sasa ambapo hati ya maelewano ya kuifufua njia nzima ya kilomita 1,860 ilitiwa saini Beijing mwezi Septemba 2024, wateue treni yao moja ya miaka ya 1970 kabla mwekezaji hajaingia na orodha yake ya vitu vya kuondoa. Kule Gongo la Mboto kuna makaburi ya wataalamu wa Kichina waliokufa wakiijenga reli ile. Tumeyatunza makaburi vizuri. Ingekuwa ajabu tuyatunze makaburi ya wajenzi na kuuza kwa kilo kile walichokifia.

Nimekwisha kusikia pingamizi la fedha, na silidharau. Nchi ambamo watoto bado wanakaa sakafuni darasani haina haki ya kuchezea mabilioni. Ila nauliza: tunazungumzia mabilioni mangapi? Mabehewa yapo, njia ipo, karakana ipo na mafundi wanalipwa mshahara tayari. Gharama kubwa zaidi ni ya kuamua. Tena pingamizi hili hupenda kutolewa na watu ambao hawakulitaja hata mara moja tulipokuwa tukinunua magari ya msafara. Upo pia msemo kwamba ya kale ni dhahabu, nao siupendi vilevile, maana huwafanya watu wadhani cha kale kina thamani kwa kuwa ni cha kale. Behewa la daraja la tatu halikuwa dhahabu. Lilikuwa na joto, lilinuka, na choo chake nitakistahi. Thamani yake ni kwamba ndani yake nchi hii ilikutana: mwalimu aliyepangiwa Kasulu, askari wa likizo, muuza asali wa Tabora, bi harusi na makasha yake. Mchongoko una viti vya namba na kila mtu anatazama simu yake. Sisemi ni vibaya. Nasema ni nchi nyingine, na mwanafunzi wangu wa Yombo anastahili kuiona ile ya kwanza ikitembea, si ikiwa imesimama kwenye nyasi na kibao shingoni.

Kwa nini nasisitiza itembee? Kwa sababu ujuzi wa fundi haukai katika chuma kilichosimama. Jirani yangu wa Tabata, mzee aliyefanya kazi karakana kwa zaidi ya miaka thelathini, alinieleza jambo ambalo sijalikuta katika kitabu chochote cha maktaba yetu. Gurudumu la behewa halina uso bapa. Limeinama kidogo kama pia, na mwinamo huo ndio unaolirudisha lenyewe katikati ya reli kila linapoyumba. Likitumika sana uso wake huliwa ukawa kama bakuli, na hapo behewa huanza kucheza ngoma hata kwenye njia iliyonyooka. Dawa yake ni kulikereza upya, na magurudumu mawili ya ekseli moja lazima yatoke katika mashine yakiwa na kipimo kimoja, la sivyo behewa litavuta upande mmoja safari nzima. Hayo mhandisi kijana anayajua. Asichokijua ni sauti. Mzee alipita kando ya treni iliyosimama akiwa na nyundo ya mpini mrefu, akagonga kila gurudumu, akasikiliza. Gurudumu zima huimba. Lenye ufa hujibu kwa sauti nzito iliyokatika, hata kama ufa wenyewe haujaonekana kwa jicho. Alisema alihitaji miaka mitatu ya kugonga kabla ya kuruhusiwa kugonga peke yake. Leo kuna mashine za kupima nyufa, na ni bora kuliko sikio, nakubali. Lakini mashine haisimulii usiku ule wa Kilosa alipoligonga gurudumu moja, akaizuia treni yenye abiria, akatukanwa na kila mtu hadi mapambazuko, ufa ulipoonekana.

Tangu Januari nimekuwa nikienda kwake kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri, pamoja na wanafunzi wawili na kinasa sauti. Mmoja wao ni yule wa Yombo. Mzee hataki kukaa kwenye kiti tunapozungumza. Huchora chini kwa kijiti, na tumejifunza kupiga picha za michoro kabla kuku hawajaipitia. Tumefika kwenye breki. Amesema mota za kichwa zitatuchukua mpaka mwezi wa Ramadhani, na kwamba kama kuna mtu anayejua alipo fundi mwenzake wa zamu aliyehamia Dodoma, tumletee, kwa sababu huyo ndiye aliyekuwa akizisuka.